Mtumaji Hajulikani

Kitongoji cha Mhanje, mbele ya Masagati
16 Juni 2024

Mwanangu Agnella,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mlabani, na mama yako naye mguu umempa nafuu. Sisi hatujambo. Mama yako mdogo Klementina anasema ile dawa ya macho imemsaidia, sasa anachambua mchele bila kuita mtu. Mpunga tumevuna, si haba, ingawa tembo walipita kona ya chini wakala na kukanyaga. Huwa hawali tu wakaondoka, lazima wakanyage.

Nije kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Vile visanduku ulivyokuja kufunga mwezi wa tano, kimoja shuleni, kimoja zahanati, na vingine njia nzima hadi Mlimba, watu walivipenda. Mtu anaandika kwenye simu bila bando wala mnara wa kampuni, na ujumbe unafika. Juzi mama mmoja mjamzito aliitiwa gari kutoka Mlimba kwa njia hiyo, na leo mtoto ananyonya.

Lakini wiki hii kwenye ule ubao wa wote, unaosomwa na kila mtu kwenye simu yake, umetokea ujumbe usio na jina. Unasema: "Mkutano wa kuruhusu mininga ikatwe haukufanyika. Watu watatu walikubaliana sebuleni." Tangu hapo ni minong'ono kila kona.

Bwana Pantaleo, mwenyekiti wa kamati yetu ya msitu, yule mwenye duka ambalo barua zetu zote hupitia, alinifuata hadi shambani. Akasema, "Mzee Tadei, wewe ni mjumbe wangu kwenye kamati, na aliyefunga vitu hivi ni binti wa kaka yako. Muulize nani kaandika."

Nami nakuuliza. Ni nani?

Mimi baba yako mdogo,
Tadei


Mlabani, Ifakara
7 Julai 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mshike na Mama Mdogo miguu kwa niaba yangu. Barua yako imechelewa, imefika jana ikiwa imelowa pembe moja. Mama anaendelea vizuri, anatembea hadi sokoni na kurudi, ila ukimwambia apumzike anakununia. Kazi ya kutengeneza simu ipo, umeme ndio unatusumbua.

Unaniuliza ni nani. Sijui, na sitajua. Si kwamba nakuficha, Baba. Visanduku nilivitengeneza hivyo kwa makusudi, na ndiyo kazi iliyonichukua muda kuliko zote.

Mtandao wa kampuni una mashine yake kubwa mahali fulani, inayojua nani kamwandikia nani. Mwenye mashine akitaka, au akilazimishwa, anafungua anatazama. Mimi sikutaka iwepo mashine ya namna hiyo. Visanduku vyangu vyote ni sawa, hakuna mkubwa wao, hata hiki kilichopo dukani kwangu. Ukiking'oa kimoja, vingine vinatafuta njia. Na ujumbe ukitoka kwenye simu unakuwa umefungwa kama hindi ndani ya maganda yake. Kila kisanduku kinamenya ganda moja tu: kinajua kimepokea kwa jirani yupi na kimpe jirani yupi, basi. Hakuna anayeona hindi na shamba lilikotoka kwa pamoja. Hata mimi niliyevitengeneza.

Unajua kwa nini nilifanya hivyo. Gaudensi alisimama mkutanoni akasema kwa mdomo wake kwamba fuso zinatoka msituni na magogo. Haukupita mwezi nyumba yake ikaungua mchana kweupe, watu wakiwa mashambani. Tangu hapo nani amesimama tena?

Na mimi nina swali langu. Ule mkutano ulifanyika au haukufanyika? Wewe ni mjumbe, unajua.

Binti yako,
Agnella


Mhanje
4 Agosti 2024

Agnella,

Salamu kwako na kwa mama yako. Hapa ni wazima. Klementina amepanda mchicha pembeni ya kisima.

Mtoto hamhoji baba yake kama askari. Nilikuuliza jambo moja, ukanijibu kwa mahindi na maganda.

Unasema hujui. Mtu ajenge nyumba kisha asijue mlango uko wapi? Hapa hakuna anayeamini. Na hebu fikiri upande wa pili, wewe msomi. Mtu asiyeonyesha uso anaweza kumzushia mwenzake wizi, uchawi, ugoni, lolote. Mzushiwa aende kwa nani? Ashtaki bati lililopigiliwa kwenye nguzo ya shule? Hilo ulilifikiria ulipokuwa unafunga maganda yako?

Umetoka ujumbe wa pili. Unasema fuso hupakia kwenye kivuko cha zamani, magogo chini, magunia ya mkaa juu. Bwana Pantaleo hakulala vizuri, nami sikulala vizuri.

Gaudensi yuko Uchindile kwa wakwe zake, anafanya kibarua kwenye mashamba ya miti. Sijamwona.

Nijibu hili moja, na ulijibu sawasawa. Mtu akikaa chini ya kisanduku cha shule, akatazama nani anakuja na simu, halafu ujumbe ukatoka, si atakuwa amemjua mwandishi?

Tadei


Mlabani
25 Agosti 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anasalimia, ingawa hajui ninachokuandikia.

Kwanza, bahasha yako ilikuwa imefunguliwa na kugandishwa upya. Gundi yenu ni nyeupe, hii iliyokuwa juu yake ilikuwa ya njano. Sijui kama ni wewe uliyesahau kitu ukafungua tena, au barua zetu zina msomaji wa tatu. Naomba uniambie.

Pili. Jumanne alikuja dukani bwana mmoja, shati limenyooshwa, gari amelizima ng'ambo ya barabara. Akajitaja kuwa anaitwa Evod, anafanya biashara ya mbao. Akaniwekea simu mezani, nzima kabisa, haina ubovu wowote.

"Inasumbua nini?" nikamuuliza.

"Haisumbui. Nimetumwa na mzee Tadei. Anasema wewe ni mtoto msikivu."

"Amekutuma nini?"

"Kuna watu wanachafua majina ya wenzao kwenye kile kitu chako. Wewe tupe jina tu. Si lazima uandike, litamke."

"Halipo. Kile kitu hakihifadhi majina."

Akacheka. Akatazama vifaa vyangu mezani, kimoja kimoja, kama anayechagua nyama buchani. "Dada, kila kitu kilichofungwa na mtu hufunguliwa na mtu. Baba yako mdogo ametuhakikishia utakifungua. Ni suala la muda."

Akachukua simu yake akaondoka. Kesho yake nilipita njia nyingine kwenda kanisani, na siku iliyofuata nyingine.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi: ulimtuma? Kama hukumtuma, amelijuaje duka langu, na amejuaje kwamba tunaandikiana?

Swali lako la kukaa chini ya kisanduku sitalijibu. Mtu anayeuliza hivyo anataka ama kujificha ama kuotea, na kwa barua yako siwezi kujua wewe ni yupi.

Na la mkutano bado hujanijibu.

Agnella


Mhanje
22 Septemba 2024

Agnella,

Sisi wazima.

Bwana Pantaleo aliweka watu wakae zamu chini ya kisanduku cha shule, kuanzia asubuhi hadi watoto wanapotoka. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tuliokuwa zamu tuliambiwa tuache simu zetu dukani kwake. Siku ya nne tukiwa tumekaa pale, hakuna aliyekuja, hakuna aliyepita, simu ya mwalimu mkuu ikalia ndani. Ubao ulikuwa umepata ujumbe wa tatu. Unataja eneo la kambi ya wakataji na siku ambayo fuso zitaingia.

Pantaleo alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kisanduku king'olewe. Kamati imeridhia, nami nimeinua mkono. Nilishika ngazi mwenyewe wakati kinashushwa.

Usije huku kukirudisha.

Tadei


Mlabani
20 Oktoba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa wewe ni ndugu wa marehemu baba, na yeye alinifundisha kuamkia hata nikiwa na hasira.

Umekaa zamu kumwinda mtu. Umeinua mkono. Umeshika ngazi. Kuhusu Evod hujasema hata neno moja, na kuhusu bahasha hujasema, na hii nayo imekuja na gundi ya njano. Nilimsomea mama barua zako zote, kwa mfuatano. Akasema, "Tadei ninayemfahamu haandiki hivi." Halafu akalia. Mimi sikulia. Niliwaza kwamba labda hatukuwahi kukufahamu.

Baba alipofariki wewe ndiye uliyenisomesha. Uliuza ng'ombe jike na ndama wake nikaenda chuo kujifunza mitandao. Nilichofunga kwenye ile nguzo kilitoka kwenye mkono wako. Halafu mkono huohuo ukashika ngazi kikishushwa.

Sitaandika tena mpaka uniambie kama mkutano ulifanyika. Na ukija Ifakara, usifikie kwangu.

Agnella


Mhanje
12 Januari 2025

Mwanangu,

Barua hii inaletwa na mama yako mdogo kwa mkono wake, haikupitia dukani kwa mtu. Mpokee vizuri, barabara imeharibika kwa mvua na alitembea sehemu kubwa ya njia kabla ya kupata gari. Mengine atakueleza, lakini haya nataka uyasome kwa mwandiko wangu.

Mkutano haukufanyika. Aliyeandika hivyo ubaoni ni mimi.

Nilikuwa mmoja wa wale watatu sebuleni. Niliitwa, nikaambiwa mambo yameshaamuliwa. Nikasema, "Tuwaite watu kwanza." Pantaleo akaniuliza kama nyumba yangu ni ya bati au ya nyasi. Anajua ni ya nyasi. Nikatoka. Ulipoleta visanduku ndipo nikapata pa kusemea.

Barua zako zote Pantaleo alizisoma kabla yangu. Na zangu alizisoma kabla yako. Alikuwa ananiita nyuma ya duka, ananisimamia, anasema, "Muulize ni nani, tena kwa ukali." Nikaandika kwa ukali. Ningekataa angejua. Evod alipotaka kuja kwako alisema atatumia jina langu. Nikasema sawa. Nilijua anakuja, na sikuwa na njia ya kukuonya ambayo wao wasingeiona.

Utauliza kwa nini sikukuandikia kwa kisanduku, kwa siri. Nitakuambia ukweli, hata kama utaumia. Sikukuamini. Evod aliporudi kutoka Ifakara alisema, "Binti amelainika, atatufungulia." Nikakaa wiki nzima nikijiuliza kama anadanganya. Wewe ni kijana, uko peke yako na mama mgonjwa, na wao ni watu wa kutisha. Kila barua yako ilipokuja nilikuwa naitafuta ndani yake dalili kwamba umekubali kuniuza bila kujua ni mimi unayemuuza.

Katika maswali yote, moja tu lilikuwa langu mwenyewe: lile la kukaa chini ya kisanduku. Pantaleo alilipenda akadhani namsaidia. Nilitaka kujua kama nitakamatwa.

Mwezi wa kumi na moja maofisa wa misitu walikuja, moja kwa moja hadi kambini. Magogo yalikuwa bado hayajafunikwa mkaa. Evod yuko ndani. Pantaleo yuko nje kwa dhamana, na duka lake limefunguliwa kama kawaida, watu wananunua chumvi pale kama hakuna kilichotokea.

Sasa mwendesha mashtaka anasema ujumbe usio na jina umewaonyesha njia, lakini hauwezi kusimama kortini. Hakimu hawezi kukiapisha kisanduku. Anataka mtu. Nimempa jina langu. Kesi itasikilizwa Ifakara mwezi wa tatu. Klementina ameshahamisha vitu vyetu vya maana kwa dada yake, maana nyumba bado ni ya nyasi.

Uliniambia nisifikie kwako. Nitafikia parokiani.

Tadei


Mlabani
16 Januari 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama Mdogo amelala vizuri, amekula, miguu tumeikanda kwa maji ya chumvi. Yeye na mama walikaa hadi usiku wakizungumza na kucheka kama wasichana. Kesho anaanza safari ya kurudi na barua hii ameificha mahali ambapo mimi mwenyewe nimeona haya kutazama.

Nimesoma yako mara nyingi. Bado nina kinyongo, nisikufiche. Yule mtu alisimama dukani kwangu akitaja jina lako, na kwa miezi nilikuwa nikisikia gari likizima ng'ambo ya barabara, naacha kazi nachungulia. Wewe ulijua. Najua hukuwa na njia. Vyote viwili ni kweli na sijajua niviweke wapi.

Sikukuamini hata mimi, na kwa hilo sitakuomba radhi. Ningekuamini ningekujibu kila ulichouliza, na jibu langu lingesomwa kwanza na Pantaleo.

Lile swali lako lilinikosesha usingizi. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa chuoni, na jibu lake lilikuwa baya: ndiyo, ungekamatwa. Nilifunga maneno kwa maganda mengi, lakini nilisahau macho ya watu. Kijiji kidogo, simu chache, mtu mmoja anasogea nguzoni na baadaye ujumbe unatoka. Kufuli la nini, kama jirani anakuona ukiingia?

Nilidhani wewe ndiye mwindaji. Kwa hiyo nilibadilisha programu bila kukuambia, nikaisambaza kupitia visanduku vyenyewe. Tangu mwishoni mwa Agosti kila simu yenye mtandao wetu, ukiwa na la kusema au huna, hutuma kifurushi kwa nyakati zilezile, na vyote vina ukubwa mmoja. Vingi ni vitupu. Ujumbe wa kweli unajibanza kati ya vitupu, na unakaa njiani saa nyingi, pengine siku, kabla ya kuonekana ubaoni. Hata simu za jirani hupokezana, ndiyo maana kung'oa kile cha shule hakukuzuia kitu. Nilifanya hivyo ili wewe usimkamate mtu. Sikujua namlinda nani.

Na lile la uzushi ulilonikaripia, hata kama ulisimamiwa, ulikuwa na haki. Sijapata dawa yake. Nimeanza kulifikiria.

Parokiani hakuna nafasi, nimeshawauliza. Chumba chako ni kile cha mbele. Ukikataa, mama atakufuata na fimbo yake ya kutembelea huko huko aliko padri.

Binti yako,
Agnella


Mhanje
30 Machi 2025

Mwanangu Agnella,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama, ingawa kutoka Mlimba tulisukuma gari kuliko lilivyotubeba. Nyumba nimeikuta imesimama. Vijana wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisani walikuwa wanalala uwanjani kwa zamu tangu nilipoondoka, na hakuna aliyewaomba. Gaudensi alikuwa mmoja wao. Amerudi kutoka Uchindile. Tulishikana mikono, tukaenda kutazama mchicha wa Klementina.

Hukumu tutaisikia mwezi ujao. Pantaleo ananisalimia. Dukani kwake siendi.

Nataka nizungumzie lile uliloliona kortini, ambalo tulipotoka nje uliniuliza kwa macho na mimi nikazungumzia mvua. Wakili wao aliponiuliza, "Jumbe zote tatu uliandika wewe?" nami nikasema, "Mbili," ulishtuka kule nyuma ulipokaa na mama yako. Akaniuliza, "Na wa tatu?" Nikasema, "Sijui." Akapandisha sauti: "Mzee, umeapa kwa Biblia!" Nikamwambia, "Ndiyo maana nasema sijui."

Ni kweli, mwanangu. Ule wa tatu, uliotaja kambi na siku, si wangu. Siku ile mimi nilikuwa chini ya kisanduku, simu yangu iko dukani kwa Pantaleo. Asubuhi ile alikuwa ameniambia, "Mzee, naanza kukushuku." Tulipousikia ule ujumbe akanitazama vile nilivyokuandikia, halafu shaka ikamtoka usoni. Usingetoka siku ile, sijui mimi leo ningekuwa wapi. Kuna mwingine hapa kijijini. Anaijua kambi kuliko mimi. Na labda aliona kamba inanikaza.

Nitakusimulia aibu yangu. Jumapili iliyopita kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa namtafuta. Nilimtazama mwalimu mkuu, nikamtazama nesi, nikawatazama wakata kuni, nikamtazama hata Apolonia, mke wa Pantaleo, alivyoshika simu mapajani. Nilimtazama na Klementina, aliyelala kitanda kimoja na mimi miaka yote hii. Nilikuwa nahesabu nani anaijua njia ya kambi, nani alikuwa na simu siku ile, nani aliinamisha macho nilipomtazama. Hapo nikagundua nafanya kazi ileile ya Pantaleo, tena bila kutumwa.

Misa ilipoisha nikawahi mlangoni. Nilisimama pale nikawapa mkono wote waliotoka, wakubwa na wadogo, mmoja baada ya mwingine, hata wale nisiopatana nao, nikawaambia ahsante. Wengine walicheka wakasema mzee Tadei amerudi na mambo ya mjini. Hakuna aliyeniuliza ahsante ya nini.

Msalimie mama yako. Mwambie chumba cha mbele kilikuwa kizuri, ila jogoo wenu ana kelele.

Mimi baba yako,
Tadei